Jibu kwa mwalimu wa hisabati aliyeuliza kama gemu zinaweza kufundisha darasani

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika Mkoa wa Pwani, anayefundisha hisabati darasa la tano lenye wanafunzi zaidi ya 70, ameniandikia kwamba karibu na shule yake kuna kibanda cha michezo ya video, na kwamba baadhi ya wavulana wake hukaa humo saa tatu mfululizo bila kuchoka, ilhali darasani hawafiki swali la tano la kugawanya kabla ya kuanza kusinzia. Anauliza mambo mawili. Kwanza, je, michezo hiyo, au gemu kama wanafunzi wenyewe wanavyoiita, inaweza kuwa nyenzo ya kufundishia katika shule yenye projekta moja na vishikwambi vichache walivyogawiwa walimu? Pili, mwalimu mwenzake amemshauri aanzishe pointi, nyota na ubao wa majina ya washindi ili somo zima lifanane na mchezo. Je, aufuate ushauri huo?

Mwalimu, nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Swali lako la kwanza nalijibu ndiyo, kwa masharti nitakayoyataja. La pili nalijibu hapana, au tuseme usianzie hapo. Majibu haya mawili yanatoka katika chimbuko moja: kinachomshikilia mtoto katika mchezo ni kile anachokifanya humo dakika kwa dakika, na zawadi inayomsubiri mwishoni ina nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Mchezo ukiwa na hesabu ndani ya kile anachokifanya, atajifunza hesabu. Hesabu ikiwa imening'inizwa pembeni, atajifunza kuikwepa.

Kabla ya kuendelea, ni haki ujue kwamba matumaini ya watu wengi kuhusu jambo hili yamepita kiasi cha ushahidi uliopo. Mwaka 2013 watafiti wanne wa Uholanzi, wakiongozwa na Pieter Wouters, walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha wanafunzi waliofundishwa kwa michezo ya kompyuta na wale waliofundishwa kwa njia za kawaida. Waliocheza walijifunza zaidi kidogo na kukumbuka zaidi kidogo. Hata hivyo, walipopimwa hamasa, hawakuwa wamehamasika kuliko wenzao kwa kiwango chochote cha kutegemewa. Wengi hudhani mambo yako kinyume, kwamba michezo huchangamsha lakini haifundishi. Watafiti hao walitoa maelezo ambayo mimi nayaona ya kweli: mchezo unaochezwa darasani si ule ambao mtoto ameuchagua mwenyewe. Mwalimu ndiye aliyeuchagua, ndiye aliyepanga lini uanze na lini uishe, na mtoto anaushiriki kwa sababu kipindi kimefika. Mvulana wako wa kibandani ameingia kwa miguu yake, amelipa kwa fedha yake, amechagua timu yake na mpinzani wake. Ukimwekea mchezo uleule saa nne asubuhi na kumwambia kwamba ni lazima, utakuwa umemnyang'anya sehemu kubwa ya kile alichokuwa anakifuata.

Uchambuzi huohuo ulibainisha mambo matatu yaliyoongeza manufaa ya michezo, nayo yanakuhusu moja kwa moja: mchezo ulipoambatana na mafundisho mengine badala ya kusimama peke yake, ulipochezwa zaidi ya mara moja, na wanafunzi walipoucheza kwa vikundi. Darasa lenye watoto 70 na vifaa vichache halina njia isipokuwa vikundi. Kwa hiyo hapo uhaba wako haukudhuru kama unavyoogopa.

Sasa tukitazame kibanda chenyewe kwa makini, maana kina mengi ya kutufundisha sisi walimu. Simama nyuma ya mtoto anayecheza mpira wa kwenye skrini na uangalie kinachotokea anapokosea. Amepiga pasi mbaya, mpinzani ameinasa, goli limeingia. Ameona papo hapo pasi ilikokwenda na kwa nini ilinaswa. Hakuna aliyemwandikia alama nyekundu, na baada ya sekunde chache mpira umewekwa katikati naye anaanza upya. Katika robo saa amekosea labda mara 40 na amerekebisha mara 40. Mtoto huyohuyo darasani hufanya maswali matano ya kugawanya, anakusanya daftari pamoja na madaftari mengine 70, na kwa kuwa wewe ni mtu mmoja mwenye macho mawili, daftari linarudi baada ya siku tatu likiwa na alama za kukosea mahali ambapo hakumbuki tena alikuwa anafikiri nini. Silaumu mwalimu yeyote kwa hilo, kwa sababu idadi ya wanafunzi ndiyo inayolileta. Lakini tofauti ya kwanza kati ya kibanda na darasa ni hiyo: umbali kati ya kosa na jibu lake.

Tofauti ya pili ni kiwango cha ugumu. Mchezo ulioundwa vizuri humweka mchezaji mahali ambapo hana hakika kama atashinda au atashindwa. Thomas Malone, Mmarekani aliyeandika tasnifu yake mwaka 1980 kuhusu kinachofanya michezo ya kompyuta ivutie, aliona kwamba lengo linaloeleweka pamoja na matokeo yasiyojulikana mapema ndivyo vinavyozaa changamoto. Kwake changamoto ilikuwa nguzo ya kwanza, akaongeza nyingine mbili, yaani dhana ya kubuni na udadisi. Mojawapo ya michezo aliyoichunguza ilihusu sehemu katika hesabu. Kwenye skrini palikuwa na mstari wa namba wenye maputo, na mtoto alitakiwa kukadiria puto liko kwenye namba gani, kwa sehemu au namba mchanganyiko, kisha mshale unaruka hadi pale alipotaja. Akikosea, mshale unabaki palepale ulipotua, hivyo anaona kama amezidisha au amepunguza, na kwa kiasi gani. Malone aliondoa kipengele kimoja baada ya kingine ili ajue kipi kilibeba mvuto. Aligundua, pamoja na mengine, kwamba wavulana walipenda picha ya mishale inayopasua maputo, ilhali wasichana hawakuipenda. Jambo hilo ulikumbuke unapochagua mchezo, kwa maana barua yako imewataja wavulana tu. Darasani mwako wamo wasichana ambao hawajawahi kukanyaga kibandani, na ambao mchezo wa mapigano au wa mpira unaweza kuwafanya waone kwamba hata hisabati sasa imekuwa ya wengine.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika fani hii ni wa Uingereza. Jacob Habgood, aliyekuwa mtengenezaji wa michezo kabla ya kuwa mtafiti, na Shaaron Ainsworth wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu mchezo walioutengeneza kwa ajili ya watoto wa shule za msingi. Shujaa anatembea ndani ya jengo lenye mifupa inayotembea, yaani viunzi vizima vya wafu, na kila mfupa una namba kifuani. Shujaa ana mashambulizi mbalimbali, na kila shambulizi ni kigawo: moja ni la 2, jingine la 3, jingine la 5, na kuendelea. Mfupa wenye namba inayogawanyika kwa kigawo ulichochagua unaanguka, usiogawanyika unakugeukia. Kwa hiyo mtoto anayecheza hana kitendo kingine isipokuwa kugawanya. Kila pigo ni hesabu.

Ubora wa utafiti huo uko katika ulinganisho wake. Walitengeneza toleo la pili la mchezo uleule, lenye mifupa ileile na mapigano yaleyale, ila namba ziliondolewa vifuani, na maswali yaleyale ya kugawanya yakawekwa kama jaribio kati ya hatua moja na nyingine. Matoleo yote mawili yalikuwa na hesabu ileile na burudani ileile. Watoto waliopewa toleo lenye hesabu ndani ya pigo walijifunza zaidi kwa muda uleule. Kisha, katika uchunguzi wa pili uliohusisha kikundi kidogo cha watoto, waliachwa wachague wenyewe toleo la kucheza. Muda waliotumia kwenye toleo lenye hesabu ndani ya pigo ulikuwa mara saba ya ule waliotumia kwenye toleo jingine. Fikiri juu ya hilo, Mwalimu. Watoto walioachwa huru walichagua mchezo uliokuwa na hesabu nyingi zaidi katikati ya kitendo, na wakauepuka ule ambao hesabu ilikuja kama ushuru wa kulipa ili uendelee kufurahi.

Michezo mingi inayouzwa kwa jina la elimu ni ya aina hii ya pili. Mtoto anajibu swali, anapata sarafu, sarafu inamnunulia kofia ya katuni, kisha linakuja swali jingine. Ni kidonge kichungu kilichopakwa sukari, na watoto ni hodari sana wa kulamba sukari na kutema kidonge. Ukitaka kuupima mchezo wowote kabla ya kuuleta darasani, ucheze mwenyewe kwa nusu saa, kisha ujiulize: nikiiondoa hesabu humu, je, mchezo utabaki? Ukibaki mzima, hesabu haikuwamo tangu mwanzo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye swali lako la pili, kwa maana pointi, nyota na ubao wa washindi ni toleo la pili lile lile, likiwa limepanuliwa hadi kulifunika darasa zima. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa shule ya awali katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliokuwa wakipenda kuchora bila kuambiwa na mtu. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo wangechora. Wengine walipewa cheti bila kuahidiwa. Wengine hawakupewa chochote. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zilirudishwa darasani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Walichokuwa wakikifanya kwa kupenda kilikuwa kimegeuka kazi ya kufanyiwa malipo, na malipo yalipokoma, kazi ikakoma.

Waweza kunijibu kwamba wanafunzi wako hawaipendi hisabati tangu awali, hivyo hakuna penzi la kuharibu. Ni hoja ya haki, na ni kweli kwamba zawadi ndogo inaweza kumsukuma mtoto aanze jambo ambalo asingeligusa kabisa. Lakini tazama kilichotokea kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waliofuatiliwa na Michael Hanus na Jesse Fox kwa muhula mzima, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Kozi moja ilifundishwa kwa madarasa mawili: moja lilikuwa na beji na ubao wa kuonyesha nani yuko juu na nani yuko chini, jingine halikuwa navyo. Kadiri wiki zilivyopita, hamasa na uradhi wa darasa lenye beji vilishuka kuliko vya darasa jingine, na kushuka huko kwa hamasa kukajionyesha katika alama za mtihani wa mwisho. Ubao wa washindi unawafurahisha watoto watano wa juu, ambao wangefaulu hata bila ubao. Watoto 40 wa chini unawaambia kila asubuhi, mbele ya wenzao, jambo ambalo wanalijua tayari na ambalo ndilo lililowafanya wasinzie.

Natoa ushauri huu nikijua kwamba wapo walimu wema wanaotumia nyota na wanafunzi wao wanafurahi. Sisemi uwakataze. Nasema kwamba wewe, uliye na nguvu na muda mchache, uvitumie kwingine.

Kuna ushahidi mwingine ulio karibu nasi zaidi, na nashangaa kwamba walimu wengi wa Tanzania hawajausikia ilhali ulifanyika nchini mwao. Mwaka 2014 lilitangazwa shindano la kimataifa la XPRIZE lenye zawadi ya jumla ya dola milioni 15, likiwataka washindani watengeneze programu ambayo ingewawezesha watoto wasio na mwalimu kujifunza wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu tano zilizofika fainali zilijaribiwa katika Mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, na vijijini vikawekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Kabla ya jaribio, takriban robo tatu ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ya wasioweza kusoma neno lolote ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi kuu iligawanywa sawa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion, kila moja ikipata dola milioni tano, na programu za washindani zikawekwa wazi ili yeyote azitumie.

Programu hizo zilikuwa na sura ya mchezo kila mahali: hatua za kuvuka, sauti inayojibu mara moja, picha inayosogea mtoto anapogusa herufi sahihi, na uhuru wa kurudia bila kuonewa. Nayachukulia matokeo ya Tanga kuwa jambo kubwa. Watoto wa vijijini, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule, walisonga mbele kwa lugha yao wenyewe, na hilo linatosha kuwanyamazisha wanaosema kwamba mambo haya ni ya watoto wa matajiri. Lakini nakuomba uisome namba ile kwa pande zake zote mbili. Kupungua kwa nusu maana yake nusu nyingine, baada ya mwaka mzima na robo wakiwa na kifaa mkononi, walikuwa bado hawawezi kusoma neno moja. Kusoma neno moja nako ni mbali sana na kusoma hadithi na kuielewa. Jaribio lile lilifanywa kwa ajili ya watoto wasio na mwalimu kabisa. Wewe upo, na kuwapo kwako ndiko kunakoweza kuifikia ile nusu ambayo kishikwambi hakikuifikia.

Nigusie kwa ufupi madai utakayoyasikia kutoka kwa wauzaji na hata kwa wazazi, kwamba michezo fulani hukuza akili kwa ujumla, kwa hiyo mtoto akicheza mchezo wowote wa kufikiri atakuwa hodari wa hisabati. Usiyakubali. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani iliyotengeneza Lumosity, programu ya michezo ya kunoa ubongo, ilikubali kulipa dola milioni mbili baada ya mamlaka ya biashara ya nchi hiyo kuilaumu kwa kutangaza kwamba michezo yake ingewasaidia watu shuleni, kazini na katika uzee bila kuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka huohuo yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule 100 za msingi za England, ambako watoto wa rika la darasa lako walifundishwa sataranji kwa mwaka mzima. Walipopimwa hisabati mwaka mmoja baadaye, hawakuwa wamewapita wenzao. Bao letu nalo lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mahiri huhesabu kete zitakazomfikisha mwisho wa mzunguko kabla hajanyoosha mkono, lakini bingwa wa barazani hawi bingwa wa kugawanya kwa sababu hiyo peke yake. Mtu hujifunza kile anachokifanya. Ukitaka ajifunze kugawanya, mchezo uwe wa kugawanya, kisha wewe ndiye wa kumwonyesha kwamba kugawanya kule ni huku kuliko kwenye daftari.

Basi ufanye nini Jumatatu? Anza bila kifaa chochote. Najua hujaniuliza hivyo, ila nina sababu. Ukiuanza mchezo kwa kadi, utajua kama mvuto unatoka kwenye hesabu au kwenye mwanga wa skrini, na utakuwa umejifunza kuuongoza kabla ya kuingiza masuala ya chaji, ya mafaili yasiyofunguka na ya zamu za kushika kifaa. Mstari wa namba wa Malone unaweza kuuchora kwa chaki sakafuni, kuanzia 0 hadi 2, bila kuandika namba za katikati. Mtoto mmoja anaweka kizibo cha soda mahali popote, mwenzake anataja sehemu, kwa mfano moja na robo, kisha anapima kwa kamba iliyokunjwa na kuweka jiwe pale namba yake ilipo. Umbali kati ya jiwe na kizibo ndio jibu lake, analiona kwa macho yake, na anajaribu tena. Kwa darasa lako hiyo ni michoro kumi na vikundi kumi vya watoto saba, na hakuna daftari la kusahihisha.

Mchezo wa vigawo nao unahitaji maboksi yaliyokatwa kadi. Andika kwenye kila kadi namba moja kati ya 11 na 120. Kila kikundi kiwe na mapanga manne: 2, 3, 5 na 7. Kadi inafunuliwa, mwenye zamu anachagua panga moja na kulieleza pigo lake kwa sauti, mfano "84 gawanya kwa 7 ni 12", na wenzake ndio wanaothibitisha. Akipiga kadi isiyogawanyika, kadi inarudi chini ya fungu na zamu inahama. Akiona kwamba hakuna panga linaloweza kuipiga, anaruhusiwa kutangaza kwamba ni namba tasa, na akithibitishwa anaichukua. Hakikisha umeweka 51, 57 na 91 katika fungu. Namba hizo zina sura ya utasa, na watoto watazitangaza kwa kujiamini mpaka mmoja wao agundue kwamba 91 ni 7 mara 13. Kelele zitakazotokea wakati huo ndizo hamasa uliyokuwa unaitafuta. Hesabu za alama ziwe za kikundi dhidi ya fungu la kadi, yaani wameshusha kadi ngapi leo kulinganisha na juzi, ili mtoto dhaifu awe msaada kwa wenzake na asiwe aibu yao.

Mchezo usizidi dakika 20, na dakika 15 zinazofuata ndizo ninazokusihi usizitoe sadaka kwa lolote. Waulize: ulijuaje kwamba 57 inagawanyika kwa 3 kabla ya kugawanya? Kuna njia ya kuijua 5 kwa kutazama tarakimu ya mwisho tu; je, ya 7 ipo? Kisha waandike mapigo matatu kwenye daftari kwa njia ya kawaida ya kugawanya. Bila daraja hilo mchezo utabaki mchezo, na mtihani utawakuta wakishangaa.

Baada ya majuma matatu au manne, leta skrini. Kwa projekta moja, darasa zima linaweza kucheza mchezo mmoja kwa kupiga kura kabla ya kila hatua, kila kikundi kikitetea uchaguzi wake. Katika namna hiyo majadiliano hufanya kazi kubwa kuliko vidole. Kwa vishikwambi na kompyuta chache, nakushauri utafute Scratch, programu ya bure iliyotolewa na taasisi ya MIT ya Marekani mwaka 2007, inayofanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa na ambayo ina lugha ya Kiswahili. Kwa kuunganisha vipande vya maagizo kwenye skrini, watoto wawili au watatu wanaweza kuutengeneza wenyewe mchezo wa mapanga manne. Mtoto anayelazimika kuiagiza mashine itambue kama namba inagawanyika hupaswa kuelewa kwanza kwamba kugawanyika maana yake ni kutokuwa na baki. Vishikwambi vya walimu vina taratibu zake za matumizi. Zungumza na mwalimu mkuu kabla, na ondoa michezo yenye matangazo ya biashara au inayomtaka mtoto anunue kitu ili aendelee.

Usiache kupima. Kabla ya kuanza, wape maswali 20 ya vigawo na kugawanya kwenye karatasi, uyahifadhi majibu. Wape mengine ya ugumu uleule baada ya majuma sita, na tena mwishoni mwa muhula. Kama una mkondo mwingine unaofundishwa kwa njia ya kawaida, upime vilevile. Uwachukulie watoto kwa majina yao, maana wastani wa darasa unaweza kupanda huku watoto 10 wakiwa wamebaki palepale, na hao ndio unaopaswa kukaa nao.

Kuhusu kibanda, usikitangazie vita. Mweleze mmiliki saa za shule, na uwaeleze wazazi watofautishe michezo inayotaka ustadi na mashine za kubahatisha zinazomeza sarafu, ambazo mtoto hapaswi kuzikaribia hata kidogo. Mvulana anayecheza kwa ustadi unaweza kumtumia: mwulize akufundishe jinsi alivyojifunza kukwepa mabeki, umsikilize kwa dhati, kisha mwambie aongoze kikundi chake siku ya kadi.

Watoto wakishaizoea michezo ya mapanga kiasi cha kusema kwamba kila kinachoshinda mapanga yote manne ni namba tasa, ingiza katika fungu, bila kutangaza, kadi moja ya 121. Mapanga yote yatagonga mwamba, kikundi kitatangaza utasa, na utawaambia tu kwamba kadi hiyo hawajaishinda. Waache waende nayo nyumbani.